Vitamini A Katika Jicho: Kirutubisho Kimoja, Kazi Mbili

Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A huweza kucheza vizuri mchana kutwa pamoja na wenziwe. Jua linapokuchwa huacha mchezo, huketi mahali pamoja na kungoja ashikwe mkono. Akitembea hujikwaa kwenye mawe ambayo wenziwe wanayaona. Akipewa chakula penye mwanga hafifu hupapasa kuitafuta sahani. Wazazi huenda wakadhani kwamba ni mvivu au anaogopa giza. Asubuhi yake anaona tena kama kawaida, na jambo hilo husahauliwa.

Hali hiyo huitwa upofu wa usiku. Imejulikana tangu zamani sana: maandishi ya tiba ya Wagiriki wa kale yanaitaja pamoja na dawa yake, nayo ni ini la ng'ombe. Lakini sababu ya ini kuponya macho haikufahamika mpaka karne ya 20, na kila hatua ya utafiti imeonyesha kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko kutoona vizuri wakati wa jioni. Vitamini A hufanya kazi mbili zilizo mbalimbali katika jicho. Kazi ya kwanza ni kunasa nuru. Kazi ya pili ni kuziamuru seli, yaani chembe hai za mwili, zikue vipi na ziwe za namna gani. Anayezielewa kazi hizo mbili ataelewa kwa nini upofu wa usiku wa mtoto ni onyo linalohusu uhai wake.

RETINA NA SELI ZAKE

Kwa umbile lake jicho hufanana na kamera. Mbele kuna konea, utando imara ulio angavu kama kioo. Nyuma ya konea kuna mboni inayopitisha nuru, na lenzi inayoikusanya. Nuru hiyo huangukia retina, utando mwembamba uliotandazwa ukutani mwa jicho kwa upande wa ndani. Kazi ya retina ni kuigeuza nuru iwe ishara za umeme, ambazo husafiri kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo.

Katika retina ya binadamu seli zinazopokea nuru kwa ajili ya kuona ni za aina mbili. Aina ya kwanza ina umbo la kijiti, na idadi ya vijiti hivyo katika jicho moja hukaribia milioni 120. Aina ya pili ina umbo la koni, na idadi yake ni kiasi cha milioni 6. Koni hufanya kazi katika mwanga mkali, nazo ndizo zinazotambua rangi. Vijiti havitambui rangi, lakini huhisi mwanga ulio hafifu kabisa. Kijiti kimoja chaweza kuitika fotoni moja, yaani kipande kidogo kabisa cha nuru. Kuona usiku ni kazi ya vijiti.

Nyuma ya vijiti na koni kuna safu moja ya seli zenye rangi nyeusi, zinazogusana na ncha zake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi ya safu hiyo ni kufyonza nuru ya ziada tu. Sasa inajulikana kuwa bila seli hizo nyeusi vijiti haviwezi kuona hata kidogo.

RANGI INAYOFIFIA

Mwaka 1876 Franz Boll, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Roma, aliitoa retina ya chura aliyewekwa gizani. Aliikuta ina rangi nyekundu iliyokoza. Ilipopata nuru, rangi hiyo ilififia mbele ya macho yake, ikawa ya manjano, kisha ikatoweka. Mwenzake Wilhelm Kühne, wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, aliiendeleza kazi hiyo. Alifaulu kuitoa dutu hiyo nyekundu katika seli kwa kutumia chumvi za nyongo. Tena aligundua jambo la ajabu: retina iliyofifia, ikibanduliwa kutoka kwenye ile safu ya seli nyeusi, hairudishi rangi yake, ikilazwa tena juu ya safu hiyo, rangi hurejea. Dutu hiyo leo huitwa rodopsini.

Wakati huo neno vitamini lilikuwa bado kubuniwa. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na wakati uo huo Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Connecticut, walionyesha kwamba panya huacha kukua wasipopata kitu fulani kilichomo katika mafuta ya siagi lakini hakimo katika mafuta ya nguruwe. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A. Mwaka 1925 watafiti wawili wa Copenhagen, Fridericia na Holm, waliona kwamba panya waliokosa vitamini hiyo huirudisha rangi ya retina polepole mno. Mwaka 1931 Paul Karrer wa Zürich alieleza muundo wake wa kikemia.

Mmarekani kijana, George Wald, ndiye aliyeyaunganisha mambo hayo. Mwaka 1933, alipokuwa akijifunza Ulaya, aliipata vitamini A ndani ya retina yenyewe. Baadaye mwaka huo, akiwa Heidelberg na wenziwe wakiwa likizoni, maabara ilipokea shehena ya vyura 300. Wald aliwatumia vyura hao, akagundua kuwa rodopsini ikipigwa na nuru hutoa dutu ya manjano, na kwamba dutu hiyo hugeuka polepole kuwa vitamini A. Dutu hiyo ya manjano leo huitwa retinali. Kwa kazi aliyoianza hapo na kuiendeleza kwa miaka mingi, Wald alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1967.

MZUNGUKO WA KUONA

Vitamini A huhifadhiwa hasa katika ini, na hii ndiyo sababu ya dawa ile ya Wagiriki kufaa. Kutoka kwenye ini husafiri katika damu ikiwa katika hali inayoitwa retinoli, imebebwa na protini maalumu. Ikifika nyuma ya jicho hupokewa na seli nyeusi, ambazo huitengeneza na kuvipelekea vijiti ikiwa katika hali ya retinali.

Molekuli ya retinali ina kichwa chenye umbo la pete na mkia mrefu. Ikiwa ndani ya rodopsini, mkia huo umepinda, nayo molekuli imekaa ndani ya protini iitwayo opsini kama ufunguo katika kufuli. Fotoni ikiigonga, mkia hunyooka. Katika miaka ya 1950 Ruth Hubbard, akishirikiana na Wald na wenziwe huko Harvard, alionyesha kwamba jambo pekee linalofanywa na nuru katika kuona ni kuunyoosha mkia huo. Yote yanayofuata yaweza kutendeka gizani. Kunyooka kwenyewe huchukua muda mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Mkia ukinyooka, opsini inayouzunguka hubadilika umbo. Badiliko hilo huamsha protini nyingine nyingi. Hizo huamsha vimeng'enya. Navyo huvunja maelfu ya molekuli za kemikali inayoiacha wazi milango midogo ya utando wa kijiti. Milango hufungwa, umeme wa kijiti hubadilika, na habari husafiri kuelekea kwenye ubongo. Hivyo mshtuko wa fotoni moja hukuzwa mpaka ukatambulikana.

Lakini retinali iliyonyooka haifai kitu tena kwa kijiti. Hujitenga na opsini, hugeuzwa kuwa retinoli, na kurudishwa kwenye seli nyeusi. Humo kuna kimeng'enya kinachoupinda mkia upya. Kimepewa jina la RPE65, na mwaka 2005 ndipo ilipothibitishwa kwamba hicho ndicho kifanyacho kazi hiyo. Retinali iliyopindwa hurudi kwenye kijiti, huungana na opsini, na rodopsini huwa tayari kupokea fotoni nyingine. Kwa ajili hiyo retina ya Kühne haikuweza kurudisha rangi yake peke yake: karakana ya kuipinda retinali ilikuwa katika ile safu nyeusi aliyoibandua.

Mzunguko huo huonekana na kila mtu anayetoka juani na kuingia katika chumba chenye giza. Mwanzoni haoni kitu, kwa kuwa rodopsini nyingi imefifia. Polepole huanza kuona, na vijiti vyake hufikia uwezo wao kamili baada ya nusu saa au zaidi. Vitamini A ikipungua mwilini, rodopsini haiwezi kujazwa upya kama inavyotakiwa. Mchana upungufu huo haudhihiriki, kwa kuwa mwanga ni mwingi. Jioni, pale ambapo fotoni ni chache na kila moja ina thamani, jicho hushindwa.

PANYA WENYE AFYA WALIOKUWA VIPOFU

Mpaka hapo yaweza kudhaniwa kwamba vitamini A ni kitu cha kuonea tu. Lakini wanyama wasioipata kabisa hawapofuki tu, bali hukonda, huugua na kufa. Je, kifo hicho kinahusianaje na retina?

Jibu lilitokana na jaribio la John Dowling na George Wald, lililochapishwa mwaka 1960. Walichukua panya na kuwanyima vitamini A, lakini wakawapa asidi ya retinoiki, ambayo ni zao mojawapo la vitamini hiyo mwilini. Mwili waweza kuigeuza retinali kuwa asidi ya retinoiki, ila hauwezi kuirudisha asidi hiyo iwe retinali. Panya walionyimwa vitamini A bila kupewa kitu badala yake walidhoofika na kufa. Wale waliopewa asidi ya retinoiki waliendelea kukua na kunenepa, wakaonekana wana afya njema. Hata hivyo macho yao yalianza kushindwa kuona katika mwanga hafifu, hatimaye yakapofuka kabisa. Opsini iliyokosa retinali ilipungua, na vijiti vyenyewe vikaharibika.

Jaribio hilo lilizitenganisha kazi mbili za vitamini A. Retinali ni ya kunasa nuru. Asidi ya retinoiki ni ya kuuendesha mwili, wala haiwezi kunasa nuru.

MTOA AMRI

Namna asidi ya retinoiki inavyotenda kazi ilibaki fumbo mpaka mwaka 1987, ambapo maabara ya Pierre Chambon huko Strasbourg na ya Ronald Evans huko California, kila moja kwa njia yake, ziligundua kipokezi chake. Kipokezi hicho ni protini iliyomo katika kiini cha seli. Asidi ya retinoiki ikiingia na kuungana nacho, jeni fulani huanza kufanya kazi na nyingine hunyamazishwa. Kwa maneno mengine, asidi hiyo ni mjumbe anayeleta amri mpaka mahali panapotunzwa maagizo ya urithi.

Nguvu ya amri hizo ilionekana zamani kabla kipokezi hakijajulikana. Mwaka 1933 Fred Hale, mtafiti wa mifugo wa Texas, alitoa habari za nguruwe jike aliyenyimwa vitamini A. Nguruwe huyo alizaa watoto 11, na wote hawakuwa na macho. Siku hizi inaeleweka kwamba jicho la kiumbe tumboni haliwezi kujengeka bila asidi ya retinoiki, ambayo huziongoza seli zikae mahali pake na kujikunja ziwe umbo la jicho.

Kwa mtu aliyekwisha kuzaliwa, amri hizo huendelea. Ngozi laini inayofunika sehemu nyeupe ya jicho, pamoja na konea, huhitaji asidi ya retinoiki ili zibaki nyororo na zenye majimaji. Amri zikikosekana, seli zake hugeuka na kuwa kavu na ngumu mfano wa ngozi ya nje ya mwili, na zile zinazotoa ute hutoweka. Badiliko hilo hilo hutokea katika njia ya hewa, katika matumbo na katika njia ya mkojo. Ukuta unaozuia vijidudu visiingie mwilini hubomoka, na askari wa mwili wanaopambana na maradhi hudhoofika pia.

UPUNGUFU UNAVYOENDELEA

Kwa kuwa ini lina akiba, upungufu hauonekani mara moja. Akiba ikikaribia kwisha, kwa kawaida vijiti ndivyo hulalamika kwanza, na mtoto hupata upofu wa usiku. Hatua ya pili ni ukavu wa sehemu nyeupe ya jicho, ambapo huonekana madoa meupe yanayofanana na povu pembeni mwa jicho. Madoa hayo hujulikana kwa jina la Pierre Bitot, tabibu wa Kifaransa aliyeyaeleza mwaka 1863. Hatua ya tatu ni konea yenyewe kukauka. Ya nne ni konea kulainika, kupata vidonda na kuyeyuka, jambo linaloweza kutokea katika siku chache tu.

Kati ya hatua hizo kuna tofauti kubwa ambayo kila mzazi na kila mfanyakazi wa afya yampasa aijue. Upofu wa usiku huponyeka kabisa: mtoto akipewa vitamini A, kwa kawaida huanza kuona vizuri jioni baada ya siku moja au mbili, kwa sababu karakana ya seli nyeusi ilikuwa nzima na ilikosa malighafi tu. Konea iliyoyeyuka hairudi. Mahali pake hubaki kovu jeupe lisilopitisha nuru, na retina iliyo nyuma yake, hata ikiwa nzima, haina la kuona.

Historia ina mfano unaofundisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza wakulima wa Denmark waliuza siagi yao nchi za nje kwa bei nzuri, na watoto wa maskini wakalishwa maziwa yaliyoondolewa mafuta pamoja na majarini ya mafuta ya mimea ambayo siku hizo haikuwa na vitamini A. Tabibu wa watoto Carl Bloch aliona idadi ya watoto wenye ukavu wa macho ikipanda. Mwishoni mwa mwaka 1917 biashara ya nje ilizuiwa kwa sababu ya vita, siagi ikabaki nchini na kutolewa kwa mgao. Mwaka 1918 ugonjwa huo ulikaribia kutoweka. Nchi iliyokuwa na siagi nyingi ilikuwa imepofusha watoto wake kwa kuiuza nje.

Kwa upande wa vifo, uchunguzi uliowashtua wataalamu ulifanywa Indonesia na Alfred Sommer na wenziwe. Mwaka 1983 walitangaza kwamba watoto wenye dalili ndogo tu za macho, yaani upofu wa usiku au madoa ya Bitot, walikuwa wakifa kwa wingi unaokaribia mara nne ya wenzao. Kisha vijiji 450 vya Aceh viligawanywa mafungu mawili kwa kura, na watoto wa fungu moja wakapewa vidonge vya vitamini A. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kuwa katika vijiji hivyo vifo vilipungua kwa asilimia 34. Tafiti zilizofuata hazikutoa kiasi kimoja. Ule wa Ghana, uliofanywa kati ya mwaka 1989 na 1991, ulionyesha upungufu wa asilimia 19. Ule mkubwa wa India kaskazini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha faida ndogo sana. Zilipojumlishwa tafiti zote mwaka 2017, kadirio lilikuwa asilimia 12. Hiyo si tofauti ya kupuuzwa, hasa mahali ambapo upungufu ni mkubwa.

SURUA NA MACHO YA WATOTO

Katika Afrika adui mkubwa wa macho ya watoto wenye akiba ndogo ya vitamini A alikuwa surua. Ugonjwa huu hushambulia ngozi laini za macho, mapafu na matumbo, ambazo huhitaji vitamini A nyingi ili zijijenge upya. Wakati huo huo mtoto hula kidogo, huharisha, na vitamini nyingine hupotea katika mkojo. Mtoto ambaye juzi alikuwa na akiba ya kumtosha kwa shida, leo hana kitu. Ndiyo sababu konea huweza kuyeyuka bila upofu wa usiku kuonekana kwanza.

Tanzania imechangia sana katika kulielewa jambo hili. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea. Katika kila watoto 100, vidonda vya watoto 37 vilihusiana na surua ya karibuni. Upungufu wa vitamini A ndio uliokuwa sababu kubwa ya vidonda vya macho yote mawili, yaani vile vinavyoleta upofu kamili. Sababu nyingine zilikuwa virusi vya malengelenge, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni.

Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa matibabu ya kawaida. Fungu la pili liliongezewa vitamini A yuniti 200,000 kwa siku mbili mfululizo. Katika watoto 92 wa fungu la kwanza walikufa 12; katika 88 wa fungu la pili walikufa 6. Tofauti hiyo kwa ujumla ingeweza kuwa ya bahati, lakini kwa watoto wenye umri chini ya miaka miwili ilikuwa dhahiri: wasiopewa vitamini walikufa 7, waliopewa alikufa 1. Jaribio la Cape Town la mwaka 1990 lilikuja kuliunga mkono: katika watoto 92 waliopewa vitamini A walikufa 2, na katika 97 wasiopewa walikufa 10.

Jambo la kusikitisha ni kwamba habari hizo hazikuwa mpya. Mwaka 1932 tabibu Ellison wa London aliwapa watoto 300 wenye surua mafuta yenye vitamini A, akawalinganisha na wengine 300. Walikufa 11 katika fungu la kwanza na 26 katika la pili. Matokeo hayo yalisahauliwa kwa muda wa miaka 50. Leo Shirika la Afya Duniani hushauri kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A. Chanjo ya surua nayo, kwa kuuzuia ugonjwa, imeokoa macho mengi.

MZUNGUKO UNAPOKATIKA KWA URITHI

Yako maradhi ya retina ambayo hayatokani na uhaba wa chakula. Watoto wachache huzaliwa na jeni mbovu ya RPE65. Hula vizuri, ini lao limejaa vitamini A, lakini seli zao nyeusi haziwezi kuupinda mkia wa retinali. Mzunguko hukatika, na mtoto huwa karibu kipofu tangu utoto wake. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliingiza jeni nzima nyuma ya macho ya mbwa wa ukoo wenye kasoro hiyo, na mbwa wakaona. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 2007, na Desemba 2017 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Kidonge cha vitamini A kinachomwokoa mtoto wa kijijini hugharimu senti chache za dola. Vyote viwili huurudisha mzunguko ule ule.

Katika ugonjwa mwingine wa kurithi, uitwao Stargardt, tatizo ni kinyume chake: retinali iliyonyooka haiondolewi upesi. Hujikusanya na kuunda takataka zinazoziua seli nyeusi. Kwa wagonjwa hao, kumeza vitamini A kwa wingi huenda kukazidisha madhara.

Hata asidi ya retinoiki yaweza kutoa amri zisizofaa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kwa panya ambao vijiti na koni zao zinakufa kwa maradhi, amri za asidi hiyo huzifanya seli zinazopeleka habari kwenye ubongo zipige kelele za umeme bila mpango. Kelele hizo huzimeza ishara chache zinazotoka kwa seli zilizobaki hai. Walipoizuia asidi hiyo, panya waliona afadhali. Wanasayansi wanachunguza kama binadamu nao wanaweza kusaidiwa hivyo.

KIASI KINACHOFAA

Mifano hiyo yaonyesha kwamba vitamini A haiongezeki manufaa kwa kuzidishwa. Ikizidi sana hudhuru ini na mifupa, na kwa mama mjamzito asidi ya retinoiki iliyozidi hutoa amri mahali pasipotakiwa na kumlemaza mtoto tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito hapaswi kupewa vidonge vya yuniti 200,000. Watoto hupewa kwa kipimo: yuniti 100,000 kwa wenye umri wa miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kwa wenye mwaka 1 hadi miaka 5, kila baada ya miezi minne hadi sita. Mwenye dalili za macho hupewa siku ile ile, siku ya pili yake, na mara ya tatu baada ya wiki mbili.

Kidonge, hata hivyo, ni cha kuziba pengo. Akiba ya kudumu hutoka katika chakula. Maini, mayai, maziwa yenye mafuta yake na dagaa wanaoliwa wazima huwa na vitamini A iliyo tayari. Maziwa ya mama, hasa ya siku za kwanza, ni hazina ya mtoto mchanga. Mboga na matunda huwa na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja yake, kwa hiyo haileti hatari ya kuzidi. Karotini imo katika mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga, karoti, maembe, mapapai na mafuta ya mawese ambayo hayajaondolewa wekundu wake. Mboga hizo zapaswa kupikwa kwa mafuta kidogo, kwa kuwa karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Zikikaushwa, zikaushwe kivulini, maana jua kali huiharibu karotini.

Zao linalostahili kutajwa peke yake ni viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa kwa ndani. Viazi vyeupe vilivyozoeleka karibu havina karotini. Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na Maria Andrade na Jan Low, walizalisha na kueneza aina zinazostahimili mazingira ya Afrika, na mwaka 2016 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mmea huo hauhitaji mtambo wala fedha za kigeni. Huhitaji tuta, marando na mvua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya mwaka 1995 na 2005 watoto milioni 5.2 wenye umri wa chini ya kwenda shule walikuwa na upofu wa usiku. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kutoa onyo ambalo mtu yeyote wa nyumbani angeweza kulitambua bila chombo cha hospitali. Mzazi anayeona kwamba mtoto wake hujikwaa jioni, ampeleke kituo cha afya kesho yake, wala asimtie dawa yoyote machoni. Vijiti vya retina husema mapema, konea ikiwa bado nzima. Atakayesikia wakati huo ataokoa macho ya mtoto, na mara nyingi ataokoa uhai wake pia.